Kazi ndogo za chuoni: Mlango ambao vijana wetu wanaupita bila kubisha

Mwisho wa muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, jirani yangu mmoja alinivuta kando nje ya msikiti. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Pwani. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu na binti hajapewa kadi ya mtihani, kwa sababu ya salio la karo la shilingi 18,500. Mzee alikuwa ameshakopa kwa shemeji yake na ameshauza mbuzi aliokuwa akiwaweka kwa ajili ya Idi. Sasa alikuwa anaona haya kuniambia kwamba anatafuta mchango. Alhamdulillahi, jamaa tulichangishana na binti akafanya mtihani wake.

Siku chache baadaye binti alikuja nyumbani na mamake kushukuru. Nikamuuliza kama amewahi kuomba kazi yoyote pale chuoni. Akanijibu kwa upole: "Tangazo nililiona, ami. Lilibandikwa wiki ya pili tu tulipofungua. Lakini nilisikia ni kazi ya kupanga vitabu na kupangusa meza, nikaona wenzangu watanicheka."

Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia kazi ile ni nini na ina faida gani. Babake hakujua kama chuo kina mpango kama huo, na mamake alidhani kazi za chuo ni za wafanyakazi wa kuajiriwa peke yao. Nimeuliza vijana wengine mtaani tangu siku ile, na wengi hali yao ni hiyo hiyo. Kwa hivyo wiki hii nimeona niyaeleze mambo haya kwa kituo, ili mzazi ajue la kumwambia mwanawe na mwanafunzi ajue pa kubisha hodi.

Kazi zenyewe ni zipi?

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini vina mpango wa mwanafunzi kufanya kazi chuoni huku akiendelea na masomo. Kwenye mbao za matangazo utauona umeandikwa "work study". Lengo lake ni kumsaidia mwanafunzi mwenye shida ya karo au ya kujikimu, lakini asaidiwe kwa kufanya kazi, si kwa kupewa bure.

Kazi hizi ni za saa chache kwa wiki. Wapo wanaopangwa maktaba, warudishe vitabu kwenye rafu na kuwaelekeza wenzao. Wapo wanaopangwa kwenye maabara na vyumba vya kompyuta, wafungue, waandae vifaa na wasimamie matumizi. Wengine husaidia kwenye afisi za idara kupanga faili na kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Wengine ni wa mesi, mabweni, usafi wa mazingira, na kwa vyuo vyenye mashamba, kazi ya shamba. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, vyuo huhitaji vijana wa kuwaongoza na kuwasaidia kujisajili.

Ipo pia kazi ambayo haipiti kwenye mpango huo, nayo ni kumsaidia mhadhiri katika utafiti. Mhadhiri anapopata fedha za utafiti huhitaji watu wa kupeleka hojaji, kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, au kuingiza takwimu. Kazi hizi mara nyingi hazibandikwi ubaoni. Mhadhiri humuuliza mwanafunzi anayemjua, yule anayekaa mbele, anayeleta kazi kwa wakati na anayeuliza maswali.

Na hapa sisi wa Pwani tuna jambo la kujivunia ambalo hatulithamini, nalo ni lugha zetu. Mtafiti anayekwenda vijijini Kilifi, Kwale au Lamu anamhitaji mtu anayezungumza Kigiriama, Kichonyi, Kidigo au Kibajuni, anayejua namna ya kuingia kwenye boma la watu na kumwamkia mwenye nyumba. Kule Kilifi pana kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza 1989, na kwa miaka yote hiyo kazi yake kubwa imetegemea watu wa nyanjani wanaozungumza na wenyeji kwa lugha zao. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anakaa mji huo huo. Afuatilie matangazo ya kituo kile.

Namna ya kuomba

Kila chuo kina utaratibu wake, lakini njia kuu hazitofautiani sana. Afisi ya kuanzia ni ya mkuu wa wanafunzi, ile wanayoiita afisi ya "dean". Tangazo hutoka mwanzoni mwa muhula au mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na huwa na tarehe ya mwisho iliyo karibu. Mwanafunzi anayesubiri mpaka salio la karo limbane atakuta nafasi zimeshajaa. Wiki ya kwanza ya muhula nenda ukaulize, hata kama tangazo halijatoka.

Utajaza fomu. Mara nyingi utatakiwa kuonyesha taarifa ya karo, matokeo ya muhula uliopita, nakala ya kitambulisho, na maelezo ya hali ya nyumbani. Mwenye barua ya chifu au ya imamu inayoeleza hali ya familia aiambatishe. Maelezo yako yaandike wazi na kwa ukweli. Usiandike tu "sisi ni maskini". Andika baba anafanya kazi gani, ndugu wangapi wako shule, nani amefariki, nani mgonjwa, na salio lako ni kiasi gani. Anayesoma fomu hizo anasoma nyingi mno, na aliyeeleza kwa kituo ndiye anayeeleweka.

Baada ya hapo huenda ukaitwa kwa mahojiano mafupi. Ukikubaliwa utapangiwa idara na msimamizi. Msimamizi huandika saa zako kwenye daftari na kuzitilia saini, na malipo hufuata daftari hilo. Weka nakala yako mwenyewe ya saa ulizofanya, kwa tarehe. Malipo yakichelewa au yakipungua, nakala hiyo ndiyo hoja yako.

Uliza mapema pesa zitalipwa vipi. Vyuo vingine huziingiza moja kwa moja kwenye akaunti ya karo, vingine hukulipa mkononi kupitia benki. Mwanafunzi anayetegemea pesa za chakula, kisha akaja kuambiwa zimekwenda kwenye karo, atalala njaa ilhali amefanya kazi.

Habari ya ibada nayo isemwe siku ya kwanza. Mwambie msimamizi kwamba Ijumaa mchana utahitaji muda wa swala, na kwamba Ramadhani ungependa zamu ya asubuhi. Ukisema mapema kwa adabu, wengi hawana shida, hupanga zamu ikakufaa. Ukitoweka Ijumaa bila kusema, unahesabiwa mtoro. Na kwa mabinti wetu: Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa kazi au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Hijabu si sababu ya kujizuia kuomba.

Hesabu ya pesa

Tusidanganyane, pesa za kazi hizi si nyingi. Lakini tuzipigie hesabu. Tuseme mwanafunzi anafanya saa 10 kwa wiki, na muhula una wiki 14 za masomo. Hizo ni saa 140. Tuseme kwa mfano analipwa shilingi 130 kwa saa. Atapata shilingi 18,200. Mzee wangu yule alikuwa anatafuta 18,500.

Pima na pesa nyingine anazopata mwanafunzi. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, pesa za kujikimu kupitia HELB zilipangwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kulingana na uwezo wa familia. Mwanafunzi akila kwa shilingi 200 kwa siku, na hiyo ni chai ya mahamri asubuhi na mlo mmoja wa kushiba, mwezi mmoja ni 6,000. Miezi minane ya masomo ni 48,000. Kodi ya chumba bado, nauli bado, fotokopi bado.

Kisha kuna jambo linalotuhusu Waislamu. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kuanza kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Zipo familia nyingi hapa kwetu zinazojizuia kabisa kwa sababu ya riba, na zipo zinazochukua kwa hoja ya dharura baada ya kuwauliza masheikh wao. Mimi si mufti na sitaingia hapo. Ninachosema ni kwamba yule aliyejizuia anabaki na mfuko wa baba, basari ya kaunti, NG-CDF na wahisani. Kwake yeye kazi ya chuoni inaingia moja kwa moja kwenye pengo la mkopo ambao hakuuchukua. Na hata aliyechukua mkopo, kila shilingi aliyoichuma chuoni ni shilingi ambayo huenda asiihitaji kukopa.

Hesabu ya saa

Sasa upande wa pili. Wiki ina saa 168. Toa saa 56 za kulala. Mwenye masomo saba, kila moja likiwa na saa tatu kwa wiki, toa 21 za darasani. Toa 25 za kujisomea na kufanya kazi za wahadhiri. Toa swala, kupika, kufua, foleni, safari. Kinachobaki kinaweza kubeba saa 10 za kazi, pengine 12. Saa 25 hakibebi.

Wenzetu waliotangulia katika jambo hili nao wameweka mipaka. Vijana wetu walioko Marekani kwa viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Uingereza nayo, wanafunzi wengi wa kigeni wa shahada wamewekewa saa 20 hizo hizo. Hapa kwetu hakuna atakayekuhesabia. Ni wewe mwenyewe na akili yako.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa nasoma diploma nilianza vizuri, nikapata kazi ya saa chache kwenye chumba cha fotokopi cha chuo. Muhula uliofuata nikaona pesa ni kidogo, nikatafuta kazi ya usiku katika duka moja mjini. Nilikuwa nafunga saa nne usiku, asubuhi nasinzia darasani. Nilianguka somo la hesabu za biashara na kulirudia. Ada ya kurudia mtihani, na muda nilioupoteza, vilikula zaidi ya faida niliyoipata dukani. Mwenye duka hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, sikupiga hesabu ya saa.

Mtu wa kukushuhudia

Lakini kile chumba cha fotokopi kilinipa kitu ambacho nilikuja kukijua baadaye, na hiki ndicho ningetaka kila mwanafunzi akishike kuliko pesa zote.

Fomu ya kazi yoyote utakayojaza baada ya kuhitimu ina sehemu ya wadhamini, watu wawili au watatu wanaokufahamu kikazi. Kijana wetu hufika hapo kalamu ikasimama. Wahadhiri wamemfundisha darasa la watu 200 na jina lake hawalijui. Mwishowe anamwandika ami, au jirani mwenye cheo, ambaye akipigiwa simu atasema tu kwamba ni kijana mwenye heshima. Mwajiri hataki hilo peke yake. Anataka kujua kama unafika kwa wakati, kama unaaminika na ufunguo, kama ukiachiwa pesa za watu utazirudisha kamili, kama ukikosea unasema.

Anayeweza kuyajibu hayo ni mtu aliyewahi kukusimamia. Mkutubi aliyekuachia ufunguo wa maktaba kwa mihula miwili anayo ya kusema. Fundi wa maabara aliyekuona ukihesabu chupa kila jioni anayo ya kusema. Kazi yangu ya kwanza niliipata hivyo. Msimamizi wangu wa fotokopi alipigiwa simu, akaniambia baadaye kwamba aliulizwa swali moja tu, kama niliwahi kuchelewa kufungua. Cheti nilikuwa nacho, lakini waombaji wote walikuwa nacho.

Kwa hivyo unapomaliza muhula wa kazi, usiondoke kimya. Omba barua fupi ya kuthibitisha kazi uliyofanya na muda wake. Chukua nambari ya simu ya msimamizi na ruhusa ya kumtaja. Ukikutana naye mjini, msalimie. Hizi adabu tulilelewa nazo, tusiziache getini.

Nje ya geti

Nafasi za chuoni hazitoshi wote. Wengi watatafuta nje: duka, hoteli, tuisheni kwa watoto wa sekondari, kufundisha madrasa, kupaka hina wakati wa harusi, kuuza viazi karai na maji baridi. Zote ni halali na zote zina heshima. Ila nje ya geti hakuna mkuu wa wanafunzi wa kukulinda, na ndipo uijue sheria kidogo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Mwajiri akikuita kibarua lakini umefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria inakuangalia kama mtu mwenye mkataba. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi, na wa kuuandaa ni mwajiri. Makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Aliyedhulumiwa anaweza kwenda afisi ya leba, na kesi ya madai kama haya inafaa ifunguliwe ndani ya miaka mitatu.

Sisi wenye maduka na hoteli nasi tujiangalie. Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kumwambia mwanafunzi "njoo Jumamosi", kisha Jumamosi ukazima simu, ni dhulma hata kama ni shilingi 500.

Jambo dogo linalowaponyoka wengi ni PIN ya KRA. Mwanafunzi huichukua kwa ajili ya HELB au benki kisha akaisahau. Mwenye PIN aliyewekewa wajibu wa kodi ya mapato anatakiwa kuwasilisha taarifa ya kila mwaka kabla ya 30 Juni, hata kama hakupata kitu. Asiyewasilisha hutozwa faini ya shilingi 2,000. Kazi ni ya dakika chache mtandaoni. Na mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 24,000 haukatwi kodi ya PAYE, kwa hivyo mwajiri akikukata "kodi" kwenye shilingi 8,000, muulize kodi gani.

Kazi za kuziepuka

Ya kwanza ni kazi inayokutaka ulipe kwanza. Ukiambiwa utume shilingi 500 ya "fomu" au 1,500 ya "mafunzo" kwa M-Pesa, hapo hakuna kazi. Tume ya Utumishi wa Umma, IEBC na vyuo vyetu havimtozi mwombaji pesa ili apate nafasi.

Ya pili ni kuazimisha kitambulisho, laini ya simu au akaunti ya benki ili "jamaa apitishie pesa", wewe ubaki na kamisheni. Pesa zikija kuwa za wizi, jina litakalotafutwa na polisi ni lako.

Ya tatu ni ngumu kuisema kwa sababu imeshaingia mabweni mengi. Ni ile kazi ya kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza, Marekani na kwingineko, ambao wanazipeleka kwa jina lao. Najua inalipa kuliko maktaba. Najua wapo waliojengea wazazi wao. Lakini ni kumsaidia mtu kudanganya, na tusitafute jina jingine. Uingereza ilipitisha sheria 2022 inayofanya kutoa huduma hiyo kwa wanafunzi wa huko England kuwa kosa la jinai. Kisha jiulize, miaka mitatu ya kazi hiyo utaiandika vipi kwenye fomu, na mdhamini wako atakuwa nani?

Zipo kazi za mtandaoni zilizo halali. Programu ya serikali ya Ajira Digital, iliyoanza 2016, ina vilabu katika vyuo vingi na hufundisha kunakili sauti, kuingiza data, kutafsiri na kusimamia mitandao ya biashara. Anayejua Kiswahili sanifu na Kiingereza kizuri ana soko hapo, ila aanze na kidogo na awe mvumilivu.

Umehitimu, kisha?

Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu ndio mgumu kuliko yote. Basari imekwisha, bweni limekwisha, na HELB inatarajia uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Usirudi nyumbani ukakaa barazani kungoja.

Rudi kwanza pale ulipofanya kazi. Idara zinapohitaji mtu wa muda wa kuingiza data, kusaidia maabara au kusimamia usajili, huanza na sura wanazozijua. Wahadhiri wenye utafiti nao humchukua aliyewafanyia vizuri alipokuwa mwanafunzi.

Halafu kuna mpango wa wanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma. Huwachukua waliohitimu shahada kwa miezi 12 na kuwalipa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi, wakifanya kazi kwenye wizara na mashirika ya serikali, kaunti mbalimbali. Maombi hufanywa mtandaoni na muda wake huwa mfupi, kwa hivyo fungua akaunti yako kwenye tovuti ya tume kabla tangazo halijatoka. Waliosomea ualimu wasikawie kujisajili na TSC, kwani bila nambari ya usajili hata nafasi ya kuajiriwa na bodi ya shule inakuwa ngumu.

Zipo pia kazi za msimu. Sensa ya Agosti 2019 ilihitaji maelfu ya wahesabuji, na uchaguzi mkuu wa 2027 utahitaji makarani na wasimamizi wa vituo katika kila wadi. Ni siku chache tu, lakini zinalipwa, zina barua, na zina msimamizi. Vijana wetu hulalamika kwamba nafasi hizi huchukuliwa na watu wa mbali. Wakati mwingine malalamiko ni ya kweli. Wakati mwingine tangazo lilikaa wiki mbili na hatukuomba.

Kwa yote hayo utahitaji karatasi, na sisi wa Pwani tunajua karatasi zinavyosumbua, tukianza na kitambulisho chenyewe. Kijana akifika miaka 18 aende, asingoje barua ya kazi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, PIN, vyeti vya shule, na cheti cha tabia njema cha polisi viwe kwenye faili moja nyumbani na nakala kwenye simu.

Haya ya nini?

Nirudi kwa yule binti. Alichoogopa ni kuchekwa. Lakini tumefundishwa kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Wazee wetu wakasema kazi mbi si mchezo mwema.

Na tukumbuke kile chuo kikuu cha pale Tudor kilivyoanza. Kabla ya kuitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na kabla ya kuwa politekniki, kilikuwa Mombasa Institute of Muslim Education, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Waislamu wa wakati ule waliona vijana wao wanaachwa nyuma, wakajenga mahali pa kufundisha ufundi, mikono ishike nyundo na nyaya. Hawakuona haya. Iweje sisi tuone haya kushika kitambaa cha kupangusia meza za maktaba?

Mzazi mwenzangu, mwana akifungua chuo muhula ujao, ukimpigia simu usimuulize tu kama amekula. Muulize kama amepita afisi ya mkuu wa wanafunzi. Akisema bado, mwambie aende kesho.

Binti wa jirani yangu ameniahidi ataomba. Nimemwambia akipewa maktaba achukue, akipewa mesi achukue, na ajitahidi afike kabla ya msimamizi wake. Inshallah salio la muhula ujao halitafika mlangoni mwa msikiti.